Kumtafutia mtoto darasa la kuchora mjini Lubumbashi

Mzazi wa Lubumbashi anayeuliza ni wapi mtoto wake anaweza kujifunza kuchora hupewa jibu moja, tena upesi: mpeleke Beaux-Arts. Jibu hilo hutolewa kwa heshima, kwa kuwa mji wetu una jina katika sanaa ya Kongo tangu kabla ya uhuru, na shule ya sanaa ni sehemu ya jina hilo. Lakini mtoto ninayemzungumzia hapa ana miaka minane. Shule ile ni ya vijana wa sekondari waliochagua sanaa kuwa mchepuo wao, wanaoisoma pamoja na Kifaransa, hisabati na masomo mengine mpaka siku ya mtihani wa serikali. Mtoto wa miaka minane, au sita, au kumi, hana dawati pale, na si haki kuwalaumu walimu wake kwa jambo ambalo shule yao haikuundwa kulifanya.

Kwenye ratiba ya shule ya msingi, kuchora kumo. Ila tangu masomo ya msingi katika shule za serikali yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu aliye peke yake mbele ya umati ule hufanya analoweza: huchora jani, chungu au bendera ubaoni, na watoto huinakili katika daftari kwa penseli na rula. Hana karatasi za ziada, hana rangi, na mitihani ikikaribia kipindi chenyewe huliwa na hisabati. Mzazi akifungua daftari la mtoto wake na la mtoto wa jirani ataona jani lilelile, lenye mishipa ileile, pembe ileile ya ukurasa.

Kwa hiyo nilianza kumtafutia binti yangu, pamoja na binamu yake anayeishi Katuba, mahali pa kuchora nje ya saa za shule. Nilitembelea vyumba vya mjini kati, kumbi za parokia, nyumba za wachoraji wa komini (tarafa) za Kenya na Kamalondo, hapahapa mjini. Mwanzoni niliuliza maswali ambayo kila mzazi huuliza: ni mbali kiasi gani, ni bei gani, mwalimu ana diploma gani. Yote hayo yana maana. Lakini kadiri nilivyoingia katika vyumba hivyo, swali moja liliyapita yote, na sasa ndilo ninalomwambia kila mzazi alitangulize: je, watoto kumi waliomo mle wanachora picha kumi, au wanachora picha moja mara kumi? Jibu lake halihitaji maelezo ya mwenye darasa. Liko ukutani, mahali picha za watoto zilipobandikwa, na dakika moja ya kutazama inatosha.

Katika chumba kimoja kizuri sana, chenye meza mpya na viti vya rangi, nilikuta ukuta mzima umejaa binti mfalme wa katuni, yuleyule, aliyetolewa kwa mashine ya fotokopi na kupakwa rangi ndani ya mistari. Watoto walikuwa wametulia, wasafi, na wazazi waliokuja kuwachukua walifurahi. Mimi nilihuzunika. Kujaza rangi katika mchoro wa mtu mwingine humfundisha mtoto kushika kalamu vizuri na kuwa mvumilivu, na hayo si mabaya, ila mle hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyeulizwa ameona nini.

Swali hili la picha kumi au picha moja mji wetu ulishalijibu zamani, tena kwa njia mbili zinazopingana, na ndiyo maana naona ajabu kwamba tunalisahau.

Mwaka 1946, mji ukingali unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Aliwapa vijana wa Kikongo karatasi, brashi na rangi, akakataa kuwapitisha katika kanuni za uchoraji wa Ulaya, na akawataka wasinakili picha ya mtu yeyote, hata yake. Wachore walichokijua: mto, pori, uwindaji, samaki, ndege, ngoma. Chini ya paa lile walikuwamo Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Pilipili alichora samaki, ndege na nyoka katikati ya majani na maji, akijaza kila pembe kwa nukta na vistari mpaka picha haina mahali patupu. Bela aliiacha brashi, akapaka rangi kwa ncha za vidole, na alama za vidole vile zikawa majani, manyoya na ngozi ya wanyama. Mwenze aliwajenga watu na wanyama wake kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, kwa rangi chache zilizo karibu na udongo wetu. Aliyewahi kuona picha moja ya kila mmoja wao hawezi kuwachanganya tena. Walikuwa na mwalimu mmoja na chumba kimoja, na bado wakatoka wakiwa na mikono mitatu tofauti kabisa. Mwaka 2015, Fondation Cartier ya Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo ya kuanzia mwaka 1926, picha za Le Hangar zilikuwamo, na tofauti ile ilikuwa bado inaonekana kama rangi ingali mbichi.

Njia ya pili ilikuja mwaka 1951, pale mchoraji wa Kibelgiji Laurent Moonens alipoanzisha Académie des Beaux-Arts ya mji huu, iliyofuata utaratibu wa shule za sanaa za Ulaya, yenye madarasa, walimu na hatua za kupanda. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na baadhi ya wanafunzi wake, akiwamo Pilipili na Mwenze, wakaingia kufundisha katika taasisi hiyo. Hivyo njia mbili ambazo kwa maneno zilipingana zilikutana katika jengo moja, na naamini mengi ya mazuri ya sanaa ya Lubumbashi yametoka katika kukutana huko.

Siisifu Le Hangar kana kwamba ilikuwa bustani isiyo na miiba. Ulikuwa wakati wa ukoloni. Mzungu mmoja ndiye aliyeamua ni kipi kilicho cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika, na kumzuilia mtu mzima elimu ya perspektivu, yaani ya kuonyesha umbali wa vitu katika picha, au ya maumbile ya mwili kwa hofu kwamba itamharibu ni kumfanya mtoto. Kijana wa miaka kumi na sita anayetaka kuishi kwa sanaa anastahili kupewa zana zote, za hapa na za kwingine. Lakini hoja hiyohiyo ndiyo inayoniambia kwamba kwa mtoto aliye mtoto kweli, wa miaka sita hadi kumi na miwili, njia ya Le Hangar ndiyo inayofaa: mpe vifaa, mpe muda, mpeleke akatazame, usimwekee picha ya kunakili mbele yake.

Kuna njia ya tatu, ambayo kwa kweli ndiyo iliyoenea kuliko zote katika komini zetu, nayo ni ya wachoraji wa mtaani. Wazazi wetu walikua wakiwa na picha zao sebuleni. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa nadra kuingia katika nyumba ya mfanyakazi wa kampuni ya madini, Union Minière iliyokuja kuwa Gécamines, au wa reli usikute mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au picha ya askari akisimamia watu wanaochapwa viboko wakati wa Wabelgiji, au Lumumba. Zilichorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga kilichonyooshwa na kupakwa rangi ya kwanza, na mteja alitaka mamba muntu wake afanane na wa jirani. Fundi aliyejifunza kwa njia hiyo alijifunza kwa kunakili, kwanza kazi ya bwana wake, kisha kazi yake mwenyewe, mara nyingi kadiri wateja walivyohitaji. Ni kazi yenye heshima na imelisha familia nyingi. Kutoka humo alitokea Tshibumba Kanda Matulu, ambaye mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi nzima, kutoka nyakati za kale hadi siku zake, jambo ambalo hakuna mteja wa sebuleni aliyewahi kuliagiza.

Nayataja haya kwa sababu mwalimu bora wa mtoto huenda yuko hapohapo mtaani, mbele ya saluni au duka la dawa, akiwa amepanda ngazi anaandika bango. Wengi wa mafundi hawa walipita Beaux-Arts wakiwa vijana. Mkono wanao. Kinachotakiwa ni kukubaliana nao tangu mwanzo kwamba mtoto hakuja kuwa mwanagenzi wa kupaka usuli wa mabango, wala kujifunza kurudia sura ileile mpaka iwe safi. Fundi tuliyempata sisi, Kamalondo, alilielewa jambo hili haraka kuliko wenye vyumba vya mjini, labda kwa sababu yeye mwenyewe amerudia picha ileile mara nyingi mno.

Ili mzazi aweze kuutazama ukuta kwa haki, inafaa ajue mtoto huchora vipi kwa umri wake, maana mengi tunayoyaita makosa si makosa. Viktor Lowenfeld, mwalimu aliyezaliwa Austria na kufanya kazi Marekani, alizieleza hatua hizi katikati ya karne ya 20, na mama yeyote mwenye watoto watatu atazitambua. Mtoto mdogo hukwaruza karatasi kwa furaha ya kuona alama inatokea. Kisha, karibu na miaka minne, duara hupata macho na miguu, na hapo mtu amezaliwa, kichwa kinachotembea. Kufikia miaka saba mstari hulala chini ya ukurasa, na nyumba, mwembe na watu wote husimama juu yake, huku mbingu ikiwa utepe wa buluu juu kabisa. Teksi-basi huchorwa ubavu wake ukiwa wazi ili abiria waonekane mpaka miguu. Watu walioizunguka mbabula, jiko la makaa, hulazwa chali pande zote nne. Mama anayesonga bukari, yaani ugali, huwa mkubwa kuliko nyumba, kwa kuwa katika habari ile mama ndiye mkubwa. Mwalimu anayefuta haya na kuyasahihisha anamwondolea mtoto lugha kabla hajaimaliza kuisema.

Hatua ngumu huja kati ya miaka tisa na kumi na miwili. Mtoto huanza kuona kwamba farasi wake hafanani na farasi, mkono wake haufanani na mkono, na hapo wengi huiweka kalamu chini na kusema hawajui kuchora. Watu wazima walio wengi waliacha kuchora katika umri huu na hawakurudi tena. Darasa la kulipia lina maana kubwa zaidi hapa kuliko kabla yake, na ni hapa mwalimu dhaifu hutoa kanuni ya haraka: jicho huchorwa hivi, ua huchorwa hivi, jifunze uwe unarudia. Mtoto hutulia, wazazi husifu, na ukuta huanza tena kufanana.

Mwalimu mzuri hujibu kwa kumpeleka mtoto akatazame. Nitatoa mfano wa mji wetu. Karibu kila mtoto wa Lubumbashi akichora mji huweka bomba refu la moshi la Gécamines na kando yake lile lima jeusi la mabaki ya shaba, na karibu wote huchora pembetatu safi kando ya kijiti. Wamelipokea umbo hilo kutoka kwenye mabango, noti za zamani ambazo wazee wao wanazikumbuka na picha za kalenda, si kutoka machoni mwao. Fundi wetu aliwachukua watoto, wakasimama mahali ambapo lima linaonekana vizuri, akawauliza maswali tu. Je, pande zake zina mwinamo sawa? Ni jeusi kote? Juu kuna ncha au kumekatika? Watoto wakaona kwamba si pembetatu hata kidogo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabaki yale yanachimbwa tena ili kutoa kobalti iliyobaki ndani yake, na lima limeliwa. Lina mikato, ngazi, vumbi la rangi mbalimbali, na jua la alasiri hulifanya la kahawia upande mmoja na la zambarau upande mwingine. Waliporudi, kila mmoja alikuwa na lima lake. Binti yangu alichora njia za magari zilizolizunguka. Binamu yake hakuchora lima kabisa, alichora ndege waliokuwa juu ya nyaya za umeme. Mwalimu aliipokea picha ya ndege bila kusema neno, akaibandika pamoja na nyingine, na kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba tumefika mahali panapofaa.

Jambo jingine la kuangalia darasani ni mkono wa mwalimu. Akichukua penseli ya mtoto na kusahihisha juu ya karatasi ya mtoto, hata kwa mstari mmoja, picha ile imekuwa yake. Kama ana jambo la kuonyesha, alionyeshe kwenye karatasi nyingine. Tena msikilize lugha anayotumia. Katika vyumba vingi vya mjini maelezo yote hutolewa kwa Kifaransa, na watoto wa Katuba au Ruashi, ambao nyumbani huzungumza Kiswahili, hukaa kimya kwa kuogopa kukosea sentensi, wakati wana mengi ya kusema kuhusu picha zao. Mtoto anayesimulia picha yake huku akiichora huichora kwa kina zaidi. Mwalimu anayemruhusu aisimulie kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi hapunguzi hadhi ya darasa.

Vifaa vimewatisha wazazi wengi kuliko inavyostahili. Seti kubwa za rangi za madukani, zenye vibweta ishirini na kitu vya rangi hafifu, ni ghali na hufifia baada ya wiki chache. Guashi, rangi nzito ya maji, ya rangi tano inatosha kabisa: nyekundu, njano, buluu, nyeupe na nyeusi. Mtoto akichanganya mwenyewe njano na buluu, na kuona kijani cha kwanza hakifanani na kijani cha muhogo, atatafuta kilichokosekana, na utafutaji huo ndio somo. Wachapishaji wa mjini hubakiwa na vipande vya karatasi nzito baada ya kukata vitabu na kalenda, na wengi huvitoa kwa bei ndogo ukiwaomba. Makala ya jikoni, yaani makaa, huandika vizuri sana, hasa vipande vyembamba vya matawi vilivyoungua vizuri. Gundi hupikwa kwa unga wa mihogo na maji. Kwa kufinyanga, udongo wa kichuguu, uleule ambao mafundi wetu hufyatulia matofali, ukipepetwa na kuloweshwa hushikamana vizuri mikononi mwa mtoto. Na magari ya waya na makopo ambayo wavulana wa mitaa yote huyatengeneza bila kufundishwa na mtu ni uchongaji kamili. Darasa linaloyadharau halijui lilichokalia. Pia ni vyema fundi wa shaba, wa wale wanaofua sahani na picha za mukuba, yaani shaba, kwa nyundo, aalikwe siku moja awaonyeshe watoto jinsi bamba linavyopashwa moto ili lilainike na kuanza tena kufuliwa.

Hapa lazima niseme kwa uzito kuhusu usalama, kwa sababu mji wetu si kama miji mingine. Udongo wa kufinyanga usichukuliwe karibu na viwanda vya kuyeyushia madini wala upande ambao moshi wa bomba ulipeperushwa kwa miaka mingi. Ardhi ya Penga Penga na maeneo ya karibu imepimwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na imekutwa na shaba, zinki, risasi na kadimi kwa wingi unaodhuru mimea na watu. Mtoto hutia vidole mdomoni. Risasi ikiingia mwilini mwake huathiri ubongo unaokua. Tafuta kichuguu cha nje ya mji, mbali na migodi. Vumbi la malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, ingawa kijani chake kinavutia na wachongaji wetu wanalo kwa wingi, lisigeuzwe rangi ya watoto, wala watoto wasikae karibu na mashine ya kukatia jiwe hilo. Rangi za mafuta za mabango, hasa njano na nyekundu, zinaweza kuwa na risasi pia, na petroli ya kuzizimulia huumiza mapafu katika chumba kidogo. Fundi wa mabango anayefundisha watoto atenge meza yao mbali na kazi zake, na rangi ziwe za maji.

Mji una mahali pa kutazama sanaa pia, na darasa lisilotoka nje ya chumba chake linapoteza nusu ya utajiri wetu. Jumba la makumbusho la taifa lina vitu vya akiolojia vya Katanga, na misalaba ya shaba ambayo wahenga walibadilishana kama mali kabla ya sarafu. Mtoto akikaa mbele ya msalaba mmoja na kuuchora polepole, ataona kwamba mikono yake haiko sawa, kwamba aliyemimina shaba ile alikuwa na siku yake na mchanga wake. Halle de l'Étoile, mjini kati, huwa na maonyesho. Na tangu mwaka 2008 Lubumbashi ina biennale yake, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, iliyoanzishwa na chama cha Picha, ambacho mpigapicha Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, ni mmoja wa waanzilishi wake. Katika vipindi hivyo kazi hutundikwa hata mahali pa wazi, na mtoto hahitaji tiketi wala viatu vipya ili azione. Mpe daftari dogo aende nalo. Mzazi mwenyewe akichora kidogo pembeni, hata vibaya, mtoto atakaa muda mrefu zaidi.

Najua lile swali ambalo mababu na mashangazi watauliza, kwa sababu kwetu liliulizwa mezani: atakula nini na michoro? Nililijibu kwa adabu, na nalijibu hapa tena. Mtoto wa miaka minane hasomi kuchora ili ale, kama vile haimbi kanisani ili alipwe. Anajifunza kutazama kitu kwa muda mrefu, kuamua, kukosa na kuendelea bila kulia. Mwashi, daktari wa upasuaji, mhandisi wa mgodi, mshonaji wa nguo za harusi, wote hufanya kazi kwa macho ya namna hiyo. Na akitokea mmoja anayetaka kuwa mchoraji, njia iko wazi mbele yake katika mji huu kuliko katika miji mingi ya nchi yetu.

Kwa wazazi walio mbali na mjini kati, ushauri wangu ni kuunganika. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana na mchoraji mmoja, wakatafuta ukumbi wa parokia au ua wenye mti mkubwa, na nauli ya teksi-basi ikageuka kuwa rangi na karatasi. Parokia za Wasalesiani, ambao wako katika mji huu tangu mwaka 1911, zina desturi ndefu ya kuwakusanya vijana siku za mapumziko, na makanisa mengine nayo hayakosi kumbi zinazokaa tupu Jumamosi. Darasa lifanyike asubuhi, kwa mwanga wa mchana, maana umeme hauaminiki na rangi chini ya taa hudanganya. Miezi ya likizo kubwa, Julai na Agosti, ni kiangazi. Ni baridi asubuhi, lakini hakuna mvua, na ndiyo miezi bora ya kuchora nje. Septemba jakaranda zikianza kuchanua, mtoto yeyote aliye na zambarau ya kuchanganya atakuwa na kazi ya wiki nzima.

Katika makubaliano yetu na fundi tuliandika mambo machache tu. Watoto wasizidi idadi ambayo anaweza kuketi na kila mmoja wao katika asubuhi moja. Mlango uwe wazi wakati wote, na mzazi mmoja, kwa zamu, awepo ndani mpaka mwisho. Hili halina mjadala, hata kama mwalimu ni rafiki wa familia. Nyuma ya kila picha yaandikwe jina na tarehe, na hakuna picha inayotupwa kabla ya mwaka kwisha, ili mtoto na mzazi waweze kuzipanga chini na kuona safari. Pasiwe na mashindano wala zawadi ya picha bora, kwa kuwa zawadi moja tu inatosha kuwafanya wengine wote wamnakili aliyeshinda. Na mwalimu alipwe mwezi mzima, kwa tarehe iliyokubaliwa, hata kama mvua ya Januari imezuia watoto kufika Jumamosi moja au mbili. Bango aliloliacha ili aje kwetu lingemlipa siku hiyohiyo.